Apdeti Iliyomeza Sauti ya Kengele

Aliyebuni kile kitufe cha "Sasisha sasa" hajawahi kuishi nyumba moja na Mzee Kengele. Angeishi naye hata wiki, kitufe hicho angekificha mahali pasipofikika, au angeacha kazi ya kompyuta kabisa akalime viazi.

Kengele alikuwa dalali wa mnada. Miaka nenda miaka rudi alisimama juu ya sanduku la mbao kwenye uwanja wa mnada nyuma ya soko, kengele ya shaba mkono wa kushoto, akiuza vitanda, majokofu, baiskeli na makabati ya watu waliohama. Mdomo wake haukuwa na breki. Kiti cha miguu mitatu alikuuzia, ukaenda nacho nyumbani unachekelea, mpaka ukikalie ndiyo unakumbuka kwamba viti vina miguu minne. Bei ikifika ukingoni alikuwa anapunguza sauti ghafla, uwanja mzima unanyamaza, halafu anaanza: "Mara ya kwanza!" Anatazama huku na huku. "Mara ya pili!" Hapo watu wanameza mate. Halafu ya tatu, kengele inalia, na neno lake moja: "Imekwenda!" Ikishakwenda imekwenda, hata ulie machozi ya damu.

Kisha koo likaanza kumsumbua. Akalitibu kwa ukaidi, yaani hakulitibu, mpaka siku mkewe alipomshika mkono kama mtoto mtoro wa shule akampeleka hospitali. Daktari hakuzunguka mbuyu. Alimwambia achague kati ya sauti na uhai, na achague haraka. Kengele alichagua uhai shingo upande, maana kwake hivyo vilikuwa kitu kimoja.

Kabla ya upasuaji, mtaalamu wa pale hospitali anayeshughulika na watu waliopoteza usemi alimwekea programu kwenye kompyuta ya nyumbani. Mpango ulikuwa hivi: unarekodi maneno yako mwenyewe kwa sauti yako mwenyewe, kila neno linaonekana kwenye skrini na kupata kitufe chake kwenye kibodi, na baada ya upasuaji ukitaka kusema unabonyeza, sauti inatoka kwenye spika. Wakageuza chumba cha kulala kuwa studio. Godoro likasimamishwa dirishani kuzuia kelele, mke akashika maikrofoni, Kengele akakaa ukingoni mwa kitanda na glasi ya maji.

Mke alikuwa na mipango yake. Alitaka arekodi majina ya watoto. Alitaka salamu, dua, maneno matamu mawili matatu ya kumfaa mtu siku ya baridi. Kengele akagoma. Alisema hayo ni maneno ya kuaga, na yeye haagi mtu. Akarekodi mnada. Wote, mwanzo mpaka mwisho: kuita watu wasogee, kusifia mali, kuwapiga vijembe mabahili, mara ya kwanza, mara ya pili, imekwenda. Akarekodi hata lile analosema akiona mkono vibaya na kutaja bei isiyo yake: "Nimekosea, jamani. Turudie mwanzo." Hapo mkewe alishusha maikrofoni akamkodolea macho, kwa sababu tangu aolewe naye hakuwahi kulisikia neno hilo ndani ya nyumba.

"Sasa tutakuwa tunaishi mnadani?" mke aliuliza.

Na kweli waliishi mnadani. Kengele alirudi kutoka hospitali na tundu shingoni, hana sauti hata ya kunong'ona, akakaa mbele ya kompyuta na kuanza maisha mapya. Chai ikichelewa alibonyeza: "Mali iko wapi? Watu wamesimama juani!" Mke akivaa gauni jipya: "Haina mkwaruzo hii, jionee mwenyewe!" Mgeni akikaa mpaka akajisahau: "Tunafunga, ndugu zangu, tunafunga!" Majirani walikuja kusudi watukanwe kidogo. Mbali na kompyuta alikuwa na kengele yake ya shaba ya kuitia watu na ubao mdogo wa chaki wa kuandikia, lakini ubao aliuchukia. Alisema (kwa chaki) kwamba chaki haina sauti ya mtu, inamfanya kila mtu aonekane mwalimu wa hesabu.

Basi maisha yakaenda. Halafu kitinda mimba wao, binti, akapata kazi ya maabara katika hospitali ya nchi ya mbali. Mkataba ulikuwa wa miaka, na safari ilikuwa Ijumaa.

Huyu binti ni mtu wa kuweka mambo sawa kabla hajaondoka. Wiki ile alibadilisha koki ya jikoni iliyokuwa inadondoka, akashona pazia, akamwandikia mama yake kwenye karatasi kubwa namna ya kupiga simu nje ya nchi. Kisha akaigeukia kompyuta. Tangu zamani kulikuwa na kijisanduku kwenye kona ya skrini kinachosema sasisho jipya la mfumo liko tayari. Kengele kila kikitokea alikifukuza: nikumbushe baadaye, nikumbushe baadaye. Binti aliona hiyo ni njia ya kumwacha baba na mashine mbovu. Yeye akienda huko wataonana kwa video, mama ana simu ndogo ya vitufe tu, kwa hiyo kompyuta ndiyo tegemeo. Asubuhi ya Jumatatu, baba yuko nje anamwagilia mboga, binti akabonyeza ndiyo.

Mashine ikazunguka weee. Ikajizima, ikajiwasha, ikajizima tena. Mwisho ikafunguka na rangi mpya, picha ya mlima ambao hakuna aliyeuomba, na neno kubwa: "Karibu." Binti akafurahi. Kengele akaja, akafuta mikono, akakaa, akaifungua programu yake ili aseme neno kuhusu ule mlima. Skrini ikamjibu kwamba programu hii haifanyi kazi kwenye toleo hili la mfumo, awasiliane na mtengenezaji.

Mtengenezaji mwenyewe alishafunga biashara zamani. Na zile rekodi zilihifadhiwa kwa namna ambayo hakuna programu nyingine inayoweza kuzifungua. Sauti ilikuwamo ndani ya kompyuta, nzima, lakini mlango ulikuwa umezibwa.

Kengele alipiga kengele. Si ile ya kuitia chai. Mama alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi akidhani kuna moto. Binti akakaa kwenye kiti, akajaribu hiki, akajaribu kile, jasho jembamba likimtoka, na baba yake amesimama nyuma yake anapumua kwa lile tundu la shingo. Ukitaka kujua hasira ni nini, mtafute mtu aliyeishi kwa kupayuka, umpe sababu ya kupayuka, halafu umnyime mdomo. Kichwa kilimwanga. Akachukua ubao, akaandika kwa herufi kubwa mpaka chaki ikakatika:

"UMENIKATA KOO MARA YA PILI."

Binti alisoma. Akaiachia mausi taratibu, akainuka, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango bila kuubamiza. Angeubamiza ingekuwa nafuu.

Kengele alifuta ubao kwa mkono wa shati papo hapo, lakini lililosomwa limesomwa. Jioni akaandika "SAMAHANI" akampelekea. Binti akasema, "Haina shida, Baba," kwa ile sauti ambayo watu wanaitumia wakati shida ipo tele. Kengele akauangalia ule mwandiko wake. Ulikuwa uleule, chaki ileile, mkono uleule uliomtukana. Akaona kabisa kwamba mtoto atapanda ndege Ijumaa na yale maneno matano, na huko ugenini kila atakapomkumbuka baba ndiyo yatakayomjia. Hapo ndipo alipoapa moyoni kwamba ile apdeti itatoka, piga ua, na atamwambia mwanawe neno kwa sauti yake kabla hajavuka kizingiti.

Jumanne akaitwa fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, jamaa mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe. Akaamkia, akakaa, akasema ni jambo dogo tu, unaondoa sasisho, mashine inarudi ilivyokuwa. Mtu akisema ni jambo dogo tu, wewe anza kuhuzunika. Akabonyeza "Ondoa." Asilimia zikaanza kupanda, zikapanda, zikapanda, zikakaribia kabisa, Kengele ameshikilia ukingo wa meza. Kisha: "Imeshindikana. Tunarejesha mabadiliko." Mashine ikatumia muda uleule kurudi ilikotoka. Fundi akajaribu tena. Ikashindikana tena, kwa adabu ileile. Ndiyo ilikuwa inamuudhi zaidi Kengele, ile adabu. Mnadani mtu akikukatalia anakukatalia usoni, hakuambii tafadhali subiri halafu akakuzungusha mpaka jua linazama.

Mara ya tatu ikakubali. Mlima ukapotea, rangi za zamani zikarudi. Fundi akafungua programu, maneno yakajipanga kwenye skrini, Kengele akabonyeza: "Haya sogeeni, sogeeni, mali hailiwi na macho!"

Mwiko wa mama ulianguka jikoni. Binti alitokea mlangoni kwake, akasimama, kiganja mdomoni. Kengele akageuza kiti kumwelekea, kidole kikitafuta kitufe kingine. Na hapo fundi, kwa kutaka kumaliza kazi kwa unadhifu, akasema ngoja kwanza tuizime na kuiwasha ili ikae sawa. Akaizima.

Ilipowaka, mlima ulikuwa umerudi. Mashine ilikuwa imejichukulia apdeti ileile kutoka kwenye intaneti wakati inawaka, bila kumuuliza mtu. Fundi aliishiwa pozi. Alieleza kwamba unaweza kuisimamisha isipokee masasisho kwa wiki chache tu, zikiisha inayachukua kwa nguvu, na safari hii haikungoja hata kuambiwa isimame. Binti alisharudi chumbani. Kengele hakupiga kengele. Aliishika tu ulimi wake isilie.

Jumatano mama akasema sasa basi, akapiga simu huduma kwa wateja ya duka walikonunua kompyuta. Muziki ukapigwa mpaka sikio likapata moto. Akaja dada mmoja, akasikiliza kisa chote, akasema vizuri sana mama, kwa usalama inabidi azungumze na mwenye kompyuta, ataje jina lake kamili.

"Hawezi kuongea," mama akasema.

Dada akasema hakuna tatizo, apige akipata nafuu.

"Mwanangu, hatapata nafuu. Sauti yake ndiyo imo humo kwenye kompyuta. Mkiirudisha atakutajia jina mpaka uchoke."

Dada alikuwa na huruma, lakini utaratibu ni utaratibu: lazima jina atamke mwenyewe. Kengele akaipokea simu, akaiweka karibu na kengele yake, akaipiga kwa nguvu zote alizojaaliwa. Hilo ndilo jina lake, na mji mzima unalijua. Simu ikakatika.

Alasiri fundi akarudi na wazo. Kama ile diski ya awali ya programu ipo, aliyoiacha mtaalamu wa hospitali, angeipakia kwenye kompyuta nyingine ya zamani isiyojua mambo ya apdeti, akahamishia rekodi huko, kazi imekwisha. Aliuliza diski iko wapi.  Mama akatazama dari. Halafu, polepole, akatazama dirishani.

Huko nje, juu ya matuta ya mboga, diski ilikuwa inazunguka kwenye uzi, inameremeta, inafukuza ndege. Mtaalamu siku ile alisema hii hamtaihitaji, na mama ni mtu ambaye kitu kisichohitajika hakilali bure. Ilikuwa pale jua na mvua, masika na kiangazi. Kengele akatoka, akaikata uzi, akaiinua mbele ya uso wake. Humo, kama kwenye kioo, aliiona nyumba yake yote, na mkewe amesimama mlangoni na mikono kiunoni, akijitayarisha kwa vita.

Angekuwa na sauti, siku ile mtaa ungehama. Hakuwa nayo. Mwenyewe alikuwa amekula zile mboga na kuzisifia. Akaifunga diski tena kwenye uzi wake, maana ndege walishaanza kushuka, akaingia ndani akalala kitandani na viatu.

Alhamisi asubuhi akaamka amechoka roho. Aliketi mbele ya ule mlima, hana hamu hata ya kuutukana. Binti akaja, akavuta kigoda, akakaa kando yake. Tangu Jumatatu hawakuwa wamekaa hivyo. Hakusema habari ya ubao. Alifuata kwa macho ule waya wa intaneti unaotoka nyuma ya kompyuta na kuingia ukutani, akautikisa.

"Baba, inaingia kwa huku," alisema. "Kila tukiitoa, inaingilia hapa. Tukichomoa huu waya kwanza, halafu tukaitoa, haitakuwa na pa kupitia."

Kengele akaitikia kwa kichwa, haraka haraka: chomoa, unangoja nini? Lakini binti alikuwa bado ameushika.

"Ila tukichomoa, ni moja kwa moja. Siku yoyote ukiurudisha, itaimeza sauti tena. Na bila huu waya mimi na wewe hatuonani. Hakuna video."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, akaacha kukausha sahani.

Kengele akageuza kiti. Alimtazama mwanawe: lile kovu dogo kwenye nyusi alilolipata alipoangukia sanduku lake la mnada akiwa hajui hata kutembea vizuri, yale macho ya mama yake. Akafikiria miaka ya mkataba. Kisha akachukua ubao. Safari hii aliandika kwa herufi ndogo.

"Acha waya. Bora nikuone."

Binti alisoma. Akasema, "Hapana." Akachomoa.

Wakaanza upya. Ondoa. Ndiyo, una uhakika, ndiyo. Asilimia zikapanda, zikakwama karibu na mwisho, zikakaa pale mpaka mama akasema huyu naye amelala. Ikashindikana. Binti akatoa kwanza kisasisho kingine kidogo kilichokuwa kimejibana juu ya kile kikubwa, akarudia. Ikazimika. Ikawaka. Rangi za zamani. Akaizima tena kwa makusudi, wote watatu wameshikilia pumzi, akaiwasha. Mlima haukuja. Apdeti ilikuwa imetafuta njia ikakuta ukuta.

Programu ikafunguka. Binti akainuka akampisha baba, akasimama pembeni na mikono nyuma, akisubiri kutaniwa, maana hivyo ndivyo baba alivyo. Kengele aliangalia vile vitufe kimoja kimoja. Mabahili, majokofu, jua, bei. Hakuna jina la mtoto. Hakuna neno tamu hata moja. Mkewe alimuomba, na yeye akarekodi mnada! Aliona aibu, aibu ya kweli, inayochoma masikio. Kidole kikashuka mpaka mstari wa chini kabisa, kwenye kitufe ambacho hakuwahi kukibonyeza tangu atoke hospitali.

"Nimekosea, jamani," ilisema ile sauti yake, nene, nzima, ya siku alizokuwa na koo. "Turudie mwanzo."

Akabonyeza tena. "Nimekosea, jamani. Turudie mwanzo."

Angebonyeza mpaka kesho, ila binti alimkumbatia kwa nyuma na mkono wa kibodi ukabanwa. Walilia wote, baba bila sauti, mama kwa sauti ya kuwatosha watatu. Baadaye mama alijifuta kwa upande wa kanga, akasema yeye ana simu ndogo lakini mkono wake mrefu: kila Jumapili ataishika mbele ya spika, huyu mzee apige mnada wake, na mtoto atasikia. Sura wataikumbuka tu.

Ijumaa gari lilikuja kabla chai haijapoa. Dereva akapiga honi. Begi lilikuwa mlangoni, binti ameshaagana na mama, akaja kuinama mbele ya baba. Kengele akamshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akageukia kibodi.

"Mara ya kwanza!"

Binti akacheka, akasimama wima kama watu wa uwanjani.

"Mara ya pili!"

Honi ikalia tena nje. Katika nyumba ile hakuna asiyejua kinachofuata. Kidole kilikuwa juu ya kitufe kinachofuata, karibu kukigusa, kikakaa hapo. Kengele akakiondoa. Akachukua kitambaa cha kufunikia kompyuta, akakitandaza juu ya kibodi, akakinyoosha pembe zake vizuri.

"Hujamaliza, Baba," binti alisema.

Mzee akatikisa kichwa.

"Basi haijauzwa," mama akasema, akiinua upande mmoja wa begi. "Bado ni yetu. Haya, nenda, gari linakungoja."